Bwana harusi Mskoti anasema ni ukoo wa Duke wa Hamilton, wazee wa kwanjula wanataka nasaba, nisaidieni

MjukuuWaSio (Jinja)

Wadau habari zenu. Nina shida ndogo lakini ina tarehe. Rafiki yangu mzungu wa Scotland, tunafanya naye kazi ya maji hapa Jinja mwaka wa nne sasa, anaoa binti wa Kiganda wa Masaka, na kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa binti, ni Jumamosi ya wiki ya tatu kutoka leo. Mimi kwa baba ni Msamia wa Busia ila nimekulia Jinja na Luganda nakiongea, kwa hiyo nimewekwa kwenye msafara wa bwana harusi na nikapewa kazi ya kumtafutia msemaji wetu habari za kusema. Msemaji ameniambia wazi kwamba hawezi kusimama mbele ya watu wa Mmamba, ukoo wa binti, aseme tu huyu ni mzungu, anaitwa Hamilton, kwaheri. Watamuuliza baba yake nani, babu nani, baba wa babu nani, wanazikwa wapi, na akianza kugugumia hapo tunapigwa faini ya kreti za soda na kicheko juu.

Nikamuuliza bwana harusi mwenyewe. Akajikuna kichwa, akasema bibi yake alikuwa anasema wao ni watu wa Duke wa Hamilton, mkubwa wa kule Scotland, damu moja, na akanionyesha nembo ya ukoo iko kwenye fremu sebuleni kwake. Kumbe alinunua mtandaoni. Usiku nikaingia intaneti na bando langu la mwisho nikapata shajara ya ukoo mtu ameipanga mpaka miaka ya 1200 mwishoni, majina yamefuatana kama magari kwenye foleni ya Malaba, karibu yote yana Sir mbele. Nilifurahi, nikaona kazi imeisha.

Halafu kuna kitu kikanikwama. Ukifika 1651 Duke ni mwanamke, anaitwa Anne. Mume wake ni Douglas. Halafu watoto wao ni Hamilton! Sasa hawa ni Hamilton ama ni Douglas? Huku kwetu mtoto ni wa baba, hiyo haina mjadala, na mzee mmoja akiliona hilo ataamka atuulize huyu kijana tunayempa binti ni wa nani hasa.

Tena kuna tovuti inauza futi moja ya ardhi kule Scotland, ukinunua unapewa cheti unaitwa Lord. Nimeshawishika nimnunulie kama zawadi asomewe siku hiyo. Nifanye ama niache?

kijana_wa_Kisenyi

Mwambie aseme ukoo wake ni Ng'ombe wa Highland wale wenye nywele machoni, mambo yaishe 😂

AfandeMstaafu

Kijana wa Kisenyi acha mchezo mtu yuko kwenye shida. Ila MjukuuWaSio nikukumbushe kwamba sisi hapa Uganda tulishakuwa na mkubwa aliyejiita mfalme wa Scotland, Idi Amin, na hakuwa na babu hata mmoja kule, na mimi nilikuwa kuruti wakati huo na hakuna mtu aliyethubutu kumuuliza shajara. Kwa hiyo jina kubwa si kitu kigeni kwetu. Mimi nangoja walimu waje, na mimi nataka kujua hiyo habari ya Duke mwanamke.

Mwl_Kabarole

Ndugu MjukuuWaSio, nimeona swali lako nikaacha madaftari ya watoto mezani. Mimi nilikaa Glasgow miaka miwili na nusu nasoma, usiku nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na mzee wa Kiskoti asiyepata usingizi ana mazungumzo mawili tu, mpira na ukoo wake. Kulikuwa na bibi mmoja anaweka kopo la biskuti la bati chini ya kitanda, ndani mna vyeti vya babu zake vimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kukatika, na saa nane usiku ananiambia lete, fungua, soma hapa, hili jina la mama yake, hii kazi ya baba yake, na huyu hajui kuandika ameweka alama ya X. Yule bibi ndiye mwalimu wangu, kwa hiyo nikikosea mlaumuni yeye.

Nianze na hilo lililokukwama maana umeliona vizuri kuliko aliyepanga ile shajara. Ni Douglas. Kwa hesabu yetu ya baba, Maduke wa Hamilton tangu watoto wa huyo mama Anne mpaka leo ni Douglas kabisa.

Ilikuwa hivi. Mtu wa kwanza wa hao Hamilton anayejulikana kwa hati ni Walter mwana wa Gilbert, kweli miaka ya 1200 mwishoni. Mwaka 1314 vita vya Bannockburn vilipopiganwa yeye alikuwa anashika ngome ya Bothwell kwa ajili ya Waingereza. Wakubwa wa Kiingereza waliposhindwa wakakimbilia kwake wakidhani wamefika nyumbani, yeye akawakabidhi kwa Robert the Bruce, mfalme wa Waskoti. Akazawadiwa ardhi ya Cadzow. Kwa lugha ya kwetu aliangalia upepo. Mwaka 1445 mtu wa uzao wake akapewa cheo cha Lord na Cadzow ikabadilishwa jina ikaitwa Hamilton, yaani ni mji uliochukua jina la watu, hilo kumbuka maana litakusaidia mbele. Mwaka 1474 huyo huyo Lord akaoa dada wa mfalme James III, na hapo ndipo wakapanda kabisa, kiasi kwamba Mary alipokuwa malkia mwaka 1542 akiwa na siku sita tu duniani, Hamilton mmoja ndiye alikuwa anashika nchi kwa niaba yake na ndiye angerithi kiti kama mtoto angekufa.

Cheo cha Duke kilikuja 1643. Duke wa kwanza akakatwa kichwa London 1649, wiki chache tu baada ya mfalme wake Charles I kukatwa cha kwake. Mdogo wake akarithi, naye akafa kwa majeraha ya vita vya Worcester 1651. Wanaume wakaisha kwenye mstari huo. Sasa Scotland si kama Uingereza, vyeo vingi vya kule vya zamani hati zake zinaruhusu binti kurithi kama hakuna kaka, kwa hiyo Anne, binti wa yule Duke wa kwanza, akawa Duchess, yaani Duke wa kike, kwa haki yake mwenyewe akiwa na miaka 19. Mwaka 1656 akaolewa na William Douglas, na mkataba wa kimyakimya wa watu wa namna hiyo ni mmoja: mali ni ya mke basi jina ni la mke. Watoto wakabeba Hamilton, damu ya baba ikabaki Douglas. Baadaye wakaunganisha majina wakawa Douglas-Hamilton. Na nyie mnawajua hao bila kujua, yule Iain Douglas-Hamilton wa tembo, aliyeanza na tembo wa Ziwa Manyara Tanzania miaka ya 1960, ni mjukuu wa Duke wa 13. Baba yake alikuwa rubani wa vita, akafa 1944.

Sasa mkiuliza Hamilton wa baba kwa baba wako wapi, wapo, ni Duke wa Abercorn kule Ireland ya Kaskazini, yeye anatoka kwa mtoto mwingine wa yule aliyeshika nchi kwa niaba ya Mary. Kwa hiyo anayeitwa Duke wa Hamilton ni Douglas, na Hamilton wa kweli anaitwa Duke wa Abercorn. Nilipomwambia baba mkwe wangu hapa Fort Portal alisema hawa watu wanahitaji kikao.

Na haijaisha. Mwaka 1761 Duke wa Douglas alikufa bila mtoto, na mrithi wake wa kiume wa karibu kwa damu akawa ni nani? Huyo huyo Duke wa Hamilton, wakati huo mtoto wa miaka sita! Akachukua vyeo. Lakini mashamba yakaenda kwa kijana Archibald, mtoto wa dada wa marehemu, Lady Jane. Walezi wa yule mtoto Duke wakaenda mahakamani wakasema Archibald si mtoto wa Jane, kwamba Jane alijifungua mapacha Paris mwaka 1748 akiwa na miaka 50, nani anaamini, hao watoto wamenunuliwa kwa maskini wa Kifaransa. Mawakili walipanda meli kwenda kuhoji wenye nyumba za wageni Paris. Mwaka 1767 majaji 15 wa Edinburgh wakagawanyika nane kwa saba dhidi ya Archibald, 1769 Bunge la Mabwana London likageuza hukumu, akashinda, na watu wa Edinburgh wakashangilia kwa kuvunja madirisha ya majaji waliokuwa wamempinga. Ndo maana hata leo mtu anayeitwa Duke wa Hamilton ndiye mkubwa wa Douglas kwa damu, lakini hawezi kuwa chifu wa Douglas kwa sababu jina lake lina kistari katikati. Kule kuna mahakama kamili ya mambo ya nembo na machifu, inaitwa Mahakama ya Lord Lyon, iko Edinburgh, na msimamo wake ni kwamba chifu wa ukoo abebe jina la ukoo peke yake. Douglas hawana chifu. Kistari tu!

Haya, turudi kwa rafiki yako. Kuitwa Hamilton si kuwa wa Duke. Hili ndilo kosa la kila mtu. Kule zamani mpangaji alichukua jina la mwenye ardhi, mtu wa mjini akachukua jina la mji, na wengine walibadilishwa kwa nguvu. Mwaka 1603 jina MacGregor lilipigwa marufuku kabisa, ukikutwa nalo ni kifo, watu wakajiita Campbell, Drummond, Graham, chochote, na marufuku ikaondolewa moja kwa moja 1774. Sasa mtu wa leo anajiita Drummond, wewe utajuaje babu yake alikuwa nani 1602? Na Lewis Hamilton wa magari ya mbio, babu na bibi yake upande wa baba walitoka Grenada. Jina lilivuka bahari, nasaba haikuvuka nalo. Kwa hiyo ile shajara yenye masir achana nayo. Aliyeipanga ameanza juu akashuka mpaka akampata mtu mwenye jina linalofanana, na ukianza juu lazima utafika popote unapotaka.

Anza chini. Huyo rafiki yako ana cheti chake cha kuzaliwa, na cheti cha Kiskoti ni kitamu sana, kina jina la baba, kazi ya baba, jina la mama na ukoo wake wa kuzaliwa, na tarehe na mahali walipooana. Cha kifo kina majina ya wazazi wote wawili wa marehemu. Kila karatasi inakupa ngazi ya kupanda. Usajili wa serikali ulianza 1855, nyuma ya hapo ni madaftari ya parokia, ya zamani kabisa ni 1553 lakini maskini wengi hawamo. Vyote viko kwenye tovuti ya serikali yao inaitwa ScotlandsPeople, unanunua krediti kidogo unafungua picha ya karatasi yenyewe. Vizazi wanaonyesha vyenye zaidi ya miaka 100, ndoa 75, vifo 50, na sensa zipo kuanzia 1841 mpaka 1921. Jioni mbili au tatu anamaliza mwenyewe, usimfanyie wewe.

Hicho cheti cha futi moja ya ardhi acha. Watu wa Lord Lyon walishasema ardhi ya ukumbusho haikupi haki ya nembo wala cheo. Na nembo ya kwenye fremu nayo ni ya mtu mmoja, kule hakuna nembo ya jina la ukoo, rejista ya nembo ipo tangu 1672 na kila nembo ina mwenyewe. Kuitundika sebuleni haina shida, ila msiibebe Masaka mkasema ni yenu.

Samahani kwa urefu.

AfandeMstaafu

Mwalimu usiombe samahani. Nimesoma mara mbili, hapo kwa Walter wa ngome nimecheka peke yangu kwenye duka. Huyo kwetu angepelekwa mahakama ya kijeshi, kumbe wao walimpa shamba.

MamaZaitun_Bombo

Mwalimu asante, nimesoma, ila mimi niongee kwa upande wa kwanjula yenyewe kwa sababu mimi ni Mnubi wa Bombo nimeolewa kwa Waganda mwaka wa 27 huu, nimekaa kwenye mikeka mingi.

Hiyo ya Lady Jane na mapacha wa Paris, Waganda wangeimaliza asubuhi moja bila wakili. Zamani mtoto alikuwa analetwa kwenye ukoo na kipande cha kitovu chake, kinatiwa kwenye chombo mbele ya wazee, kikielea mtoto ni wetu, kikizama mama anaulizwa maswali. Edinburgh hawakuwa na kitovu wakagawanyika nane kwa saba.

Mwanangu MjukuuWaSio, wazee hawataki Duke. Wanataka wajue huyu kijana ana watu. Na usiwaogopeshe na hiyo ya Anne, Waganda wanaielewa kuliko unavyodhani, maana kwa mila Kabaka mwenyewe anachukua ukoo wa upande wa mama yake.

Lakini wewe umesahau kitu kikubwa kuliko shajara. Mzungu akioa Muganda huwa anatafutiwa ukoo wa kupokelewa, mzee mmoja wa ukoo fulani anakubali kuwa baba yake, anapewa na jina, ili siku ile kuwe na wa kusimama kama wazazi na ili watoto watakaozaliwa wawe na muziro, yaani mnyama wa mwiko wa ukoo. Mmeshampata? Na mkimpata angalieni asiwe Mmamba, hiyo mnajua, lakini pia asiwe wa ukoo wa MAMA wa binti. Watu wanasahau hapo wanaaibika mchana kweupe.

MjukuuWaSio

Mama Zaitun Mungu akupe miaka. Baba wa kupokea tulishampata, mzee mmoja wa hapa kazini wa ukoo wa Ngabi, mpaka tumeshamshonea kanzu. Baada ya kukusoma nikampigia binti saa hiyo hiyo. Nyabo, mama yako ni ukoo gani? Ananijibu Ngabi. Nilikaa kwenye jiwe. Tumeanza upya, nimekwenda Mukono kwa pikipiki kwa mjomba wa msemaji, yeye ni wa ukoo wa Ngo, amekubali, ameomba tu mbuzi awe wa kweli asiwe wa picha. Kanzu ya yule wa Ngabi tumemwachia, ni mtu mzuri.

Mwalimu, kuhusu karatasi. Nilimtumia rafiki yangu maelezo yako, akakaa nayo Jumapili nzima. Alianza na cheti chake, akapata baba, hapo hamna shida, baba yuko hai, simu tu. Babu amezaliwa 1924, picha ya karatasi akaifungua, mahali ni Blantyre, kaunti ya Lanark, na kwenye kazi ya baba wa mtoto imeandikwa mchimba makaa ya mawe. Akaenda sensa ya 1921 akamkuta huyo baba wa babu yuko hapo hapo Blantyre, amezaliwa 1893, bado hajaoa, anaishi kwa wazazi, nyumba ina vyumba viwili vyenye madirisha na watu tisa ndani. Sijui kwa nini kitu cha madirisha kimenishika hivyo, lakini sensa yao inahesabu vyumba vyenye madirisha. Vyumba viwili, watu tisa!

Halafu kwenye hiyo hiyo karatasi baba yake, yaani mzee wa nyumba, yeye ni mchimba makaa pia, na pale mahali pa kuzaliwa haijaandikwa Scotland. Imeandikwa Ireland. Kaunti ya Antrim.

Bwana harusi amenyamaza kidogo hapo. Ananiambia bibi hakuwahi kutaja Ireland hata siku moja. Mwalimu hii inamaanisha si Waskoti?

Mwl_Kabarole

Hapana, poleni poleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 mfalme James alichukua ardhi ya Ulster, kaskazini ya Ireland, akajaza watu kutoka Scotland na Uingereza, na wakubwa waliopewa vipande vya ardhi walikuwemo Hamilton kadhaa, hao Abercorn wenyewe utajiri wao wa Ireland umeanzia hapo. Walibeba wapangaji, wakulima, watumishi. Halafu miaka 200 na zaidi baadaye migodi ya Lanarkshire ikahitaji mikono, watu wa Antrim wakavuka maji kurudi, ni mwendo mfupi, siku ya hewa safi unaona ng'ambo kwa macho. Kwa hiyo inawezekana kabisa babu wa mababu aliondoka Scotland kama mpangaji na wajukuu wakarudi kama wachimba makaa. Inawezekana pia ni Mwairish aliyechukua jina. Karatasi tu ndiyo ingesema.

Na karatasi hapo ndipo zinapogoma. Mwezi wa sita 1922, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu la Dublin liliwaka moto, sensa za miaka ya 1821 mpaka 1851 karibu zote zikateketea, na wosia na madaftari mengi ya kanisa. Unaweza kupata kitu kidogo kwenye orodha za kodi ya ardhi lakini mimi nisingepoteza usingizi kwa sababu ya kwanjula. Hesabu ulichonacho: yeye, baba, babu, baba wa babu, babu wa babu aliyetoka Antrim. Vizazi vitano, kila kimoja na karatasi. Kuna watoto wa Kampala hawafiki vitatu.

Ila Blantyre! Mwambieni msemaji asiikimbilie Hamilton, akae Blantyre. Ndiko alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, familia nzima chumba kimoja. Hakuna mzee wa Masaka asiyemjua Livingstone wa shule ya msingi. Na migodi ya pale ndiyo iliyolipuka Oktoba 1877 wakafa watu 207.

Halafu kuna hii, nimeifikiria tangu asubuhi nacheka. Blantyre na Hamilton ni majirani kabisa. Duke alikuwa na kasri Hamilton, kubwa kuliko makasri mengi ya wafalme, lilibomolewa miaka ya 1920. Moja ya sababu ni kwamba ardhi ilikuwa inatitia kwa makaa yaliyochimbwa chini, na familia ya Duke yenyewe ndiyo ilikuwa inakula kodi ya hayo makaa. Bibi wa rafiki yako hakusema uongo basi. Walikuwa watu wa Duke kweli, ila kwa upande wa chini ya sakafu.

kijana_wa_Kisenyi

Upande wa chini ya sakafu 😂😂 mwalimu umeniua

MamaZaitun_Bombo

Na lile la wanazikwa wapi? Hilo wataliuliza, nakwambia.

Mwl_Kabarole

Mama, la Maduke nalijua, wao walijengewa kaburi la mawe lenye kuba kubwa, bado liko, ukipiga makofi ndani mwangwi unakaa sana hewani, na Duke wa 10 alipokufa 1852 alikaushwa kama Farao akawekwa kwenye jeneza la jiwe la Misri. La wachimba makaa itabidi bwana harusi ampigie baba yake.

MjukuuWaSio

Wadau nimerudi. Samahani nimekawia, nilikuwa nalala.

Imekwenda vizuri. Msemaji alianza na Antrim, akavuka maji, akafika Blantyre, akamtaja Livingstone, na hapo mzee wa mbele kabisa, wa miaka themanini na kitu, akainua fimbo akasema huyo alikuwa jirani yenu? Msemaji akasema jirani kabisa, ssebo. Watu wakapiga makofi. Halafu akasema ukweli, kwamba wazee wetu walikuwa wachimba makaa, vizazi vitatu chini ya ardhi, na nyumba ya mkubwa wao ikabomolewa kwa sababu walichimba mpaka ikatitia. Mzee akauliza swali moja tu, je, hilo shimo walilifukia? Hakuna aliyejua. Tukapigwa faini ya kreti mbili.

Kaburi waliuliza, Mama Zaitun ulisema. Baba yake bwana harusi alikuwepo, amesafiri, akatoa simu akaonyesha picha ya jiwe la kaburi la Blantyre, jina la mume na chini yake jina la mke lakini kwa ukoo wake wa kuzaliwa, si wa mume. Wamama wa upande wa binti wakaitana kuja kuona. Ssenga, shangazi wa binti, akasema hawa wana adabu, hawamfuti mwanamke.

Yule mzee wa Ngo alisimama kama baba, mbuzi alikuwa wa kweli. Fremu ya nembo ilibaki Jinja, na bwana harusi sasa anataka kuweka ile karatasi ya sensa 1921 mahali pake, anauliza nani hapa Jinja anachapisha picha kubwa isichakae haraka. Mwenye namba ya fundi anitupie.

AfandeMstaafu

Yuko mmoja karibu na soko kuu, anachapisha hata kwenye turubai. Nitakutumia pembeni.